Dramu ya asidi ya asetiki ikitoboka stoo: kipi kitangulie, kipi kisubiri

SWALI: Nasimamia stoo ya kiwanda cha kutia nguo rangi kando ya Barabara ya Lunga Lunga, Nairobi. Tunaweka asidi ya asetiki ya asilimia 99.8 kwenye dramu za plastiki za lita 200, na asidi ya fomiki kwenye mitungi midogo. Wiki iliyopita uma wa foklifti ulitoboa dramu ya asetiki karibu na kitako. Dereva akarudi nyuma, vijana wakapiga maji kwa mpira, kisha wakamwaga unga wa mbao na kufagia. Zilimwagika kama lita 60. Macho yalituwasha mpaka jioni, na sehemu ya maji yale iliingia mtaroni. Unga wa mbao umo kwenye magunia nyuma ya stoo hadi leo. Tulikosea wapi, na tujiandae vipi?

JIBU: Dada, kabla ya kusoma mbele, shughulikia hayo magunia leo. Unga wa mbao uliolowa asidi ya asetiki ni kuni zilizotiwa mafuta, na gunia la kusuka halizuii kimiminika wala mvuke. Mtu aliyevaa glavu za mpira mzito, gambuti, apuroni na miwani ya kuziba ayahamishe magunia mazima mazima, bila kuyafungua, ayatie ndani ya dramu za plastiki zenye mdomo mpana. Mfuniko uwekwe juu bila kukazwa. Dramu zikae kivulini, mbali na jiko la mama anayewapikia chakula, mbali na fundi wa kuchomelea na mbali na ukuta wenye soketi. Andika juu yake kilichomo na tarehe. Kisha piga simu kwa msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Msiyachome, na yasiende jalala la Dandora na taka za kawaida.

Sasa tuingie kwenye swali lako. Asidi hii ina hatari mbili kwa wakati mmoja, na watu wengi hukumbuka moja tu. Wanajua inaunguza ngozi, wanasahau kwamba inawaka. Kwenye bamba la rangi ya chungwa la lori linaloileta utaona namba 83 juu na 2789 chini. 8 ni ya kuunguza, 3 ni ya kimiminika kinachowaka, na 2789 ni namba ya Umoja wa Mataifa ya asidi ya asetiki nzito. Mkizikariri namba hizo mbili, mnayo maneno ya kwanza ya kumwambia mzimamoto kwenye simu.

Karatasi ya usalama ya bidhaa itakuambia mvuke wake huanza kushika moto kimiminika kikifika nyuzijoto 39. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na kanieneo ya hewa hapa ni kilopaskali 83 hivi badala ya 101. Kanieneo ikishuka, kimiminika hutoa mvuke kwa wepesi zaidi, na kwa kanuni ya kawaida ya kusahihisha vipimo hivyo, 39 yako inakuwa takriban 34 au 35. Chini ya paa la mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, au kwenye ua wa saruji unaopigwa na jua, joto hilo si la ajabu. Mvuke wenyewe ni mzito mara mbili ya hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni, hushuka ngazi, huingia chemba ya maji taka, na unaweza kukutana na cheche mbali na pale asidi ilipomwagikia.

Makosa yenu yalikuwa matatu, na la kwanza lilitokea kabla hata ya maji. Uma ukiwa bado ndani ya tundu, huwa umeziba sehemu kubwa ya tundu hilo. Dereva aliporudi nyuma aling'oa kizibo hicho. Uma ukitoboa dramu, azime injini palepale alipo, ashuke upande usio na kimiminika, na foklifti ibaki hapohapo hadi kuwe na karai kubwa la plastiki chini ya tundu na mtu aliyevaa vifaa kamili. Ni kinyume cha silika ya dereva yeyote, kwa hiyo lazima afundishwe mapema na akumbushwe.

La pili ni maji. Ni kweli asidi ya asetiki huchanganyika na maji kabisa, na ikishachanganywa hadi chini ya asilimia 80 haihesabiwi tena kuwa kimiminika kinachowaka kwenye usafirishaji. Lakini angalia hesabu ya upande wa pili. Lita 60 kwenye sakafu laini, zikitandaa kwa kina cha milimita 4, zinafunika mita mraba 15, chumba kidogo tu. Ukipiga mpira, unapata lita 600 zinazokimbia kuelekea mlangoni, na mlangoni ndipo mtaro ulipo. Wala maji hayaiui asidi kwa urahisi hivyo. Hata ukichanganya lita moja ya asidi na lita 1,000 za maji, pH (kipimo cha ukali wa asidi, 7 ikiwa si asidi wala besi) inabaki karibu 3.3. Ikifika mtoni, bakteria wanaoila hutumia oksijeni, na lita moja ya asidi hii inahitaji oksijeni yote iliyomo katika takriban lita 150,000 za maji safi ya mto wa hapa. Mto Ngong hauna akiba hiyo.

Mtaro wa Lunga Lunga, tena, haupiti porini. Unapita katikati ya nyumba za watu. Septemba 12, 2011 petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba la mafuta, ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu uliopita mtaa wa Sinai, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Asetiki si petroli, haielei juu ya maji na haiwaki kwa kasi ile, lakini njia ni ileile na majirani ni walewale. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ukiwa na watu wawili tu, mmoja azibe mtaro kabla ya yeyote kugusa kilichomwagika.

La tatu ni unga wa mbao. Hunyonya vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipo: unakitandaza kimiminika kwenye nyuso nyingi ndogo ndogo, mvuke unaongezeka, na umekipa utambi. Ndiyo sababu macho yaliwawasha hadi jioni. Ingekuwa asidi ya nitriki badala ya asetiki, unga huo ungeweza kushika moto wenyewe, bila cheche yoyote.

Ingekuwaje basi? Piga kelele, watu watoke kuelekea upepo unakotoka. Nairobi upepo huvuma zaidi kutoka upande wa mashariki, lakini katikati ya maghala huzunguka, kwa hiyo funga kitambaa chepesi juu ya nguzo ya geti na mkitazame hicho. Umbali wa kuanzia ni mita 50 kila upande. Lori la tangi likiwaka moto ni mita 800, na hapo hiyo ni kazi ya wazimamoto na polisi. Mita 50 kwenu inavuka ukuta na kuingia kwa majirani, kwa hiyo makubaliano na wazee wa mtaa, na soja wa geti la pili, yafanyike kabla ya siku ya ajali.

Zima umeme kwenye swichi kuu iliyo nje ya stoo. Usizime taa moja moja ndani, kwa sababu kila swichi ya kawaida hutoa cheche. Feni za kawaida zisiwashwe kwa nia ya kutoa mvuke. Fungua milango ya pande mbili, inatosha. Simu zibaki nje. Bodaboda walioegesha getini wasogee bila kuwasha pikipiki, wazisukume.

Ziba mtaro. Mkeka wa mpira laini juu ya wavu wa mtaro na mifuko ya mchanga juu yake hufanya kazi nzuri. Pasipo mkeka, karatasi nene ya nailoni na mchanga. Jenga pia ukingo wa mchanga mlangoni, upana wa futi moja.

Halafu dramu. Dramu iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo 210, na mtu mmoja asijaribu. Watu wawili, wakiwa wamevaa vifaa, wailaze na kuizungusha mpaka tundu litazame juu, mvujo utakoma. Kama haizunguki, kabari ya mbao iliyofungwa kitambaa igongwe polepole kwa nyundo ya mpira. Kilichobaki kihamishwe kwa pampu ya mkono ya plastiki kwenda dramu nyingine safi ya plastiki. Ndoo na makarai ya bati lililopakwa zinki hayafai kabisa: asidi hula zinki na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche ndogo sana. Beleshi na ndoo, vyote viwe vya plastiki.

Ndipo mchanga. Uwe mkavu, na umwagwe kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa sababu ukiurusha katikati unasukuma kimiminika nje. Kadiria lita 4 za mchanga kwa lita moja ya asidi, yaani kilo 6 hivi. Kwa lita 60 zenu ni kilo 360. Kwa dramu nzima ni zaidi ya tani, na hapo utaona mchanga peke yake haukutoshi: zungushia ukingo, pampu kwanza, mchanga uwe wa mabaki. Kitu bora kuliko mchanga ni diatomaiti, udongo mweupe mwepesi unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Hunyonya karibu uzito wake wenyewe au zaidi na hauwaki. Vumbi lake lina silika, kwa hiyo anayelimwaga avae barakoa ya vumbi.

Hapa kuna kosa ambalo hata watu wenye ujuzi hulifanya. Wanajua magadi huua asidi, wanakimbilia gunia la magadi soda ya viwandani, lile la Ziwa Magadi kwenyewe, na kulimwaga juu ya dimbwi. Hesabu ni rahisi: lita moja ya asetiki inahitaji karibu kilo moja ya magadi hayo na hutoa lita 250 hivi za kaboni dayoksaidi. Dramu nzima ni kilo 185 za magadi na mita za ujazo 50 za gesi. Stoo ya mita 10 kwa 10 yenye kimo cha mita 4 ina mita za ujazo 400. Gesi hiyo ikitoka yote milango ikiwa imefungwa, hewa ya humo inakuwa na kaboni dayoksaidi zaidi ya asilimia 10, kiasi cha kumwangusha mtu akiwa amesimama. Tena mapovu yanayochemka hubeba mvuke wa asidi kwenda juu, usoni pa anayemwaga. Magadi ni ya mwisho, baada ya mchanga kuzolewa: nyunyiza kidogo kidogo kwenye sakafu iliyobaki na unyevu, milango wazi, subiri mpaka mchemko ukome, nyunyiza tena, kisha pima kwa karatasi ya pH. Ikisoma kati ya 6 na 8, pangusa kwa mopu na ndoo, na maji ya ndoo hiyo yaingie dramu ya taka. Msitumie kostiki (sodiamu haidroksaidi) kwa kazi hii. Joto linalotoka ni kali mno karibu na kitu kinachowaka. Na anayesafisha asije na Jik, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kuondoa harufu: dawa hiyo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Mfuniko wa dramu yenye mchanga uliotiwa magadi usikazwe, maana gesi huendelea kutoka kwa saa nyingi.

Ni nani anayefaa kufanya haya yote? Hapa tuko wakali. Kama ni lita chache, mahali penye hewa, hakuna aliyeumia, na watu wawili wana vifaa, safisheni wenyewe. Ikizidi lita 20 hivi, au ikiwa mvuke unawatoa machozi mkiwa mlangoni, tokeni na mpige 999 au 112. Mkusanyiko wa sehemu 50 katika milioni unahesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo, na katriji (kichujio) ya kawaida ya barakoa haiwezi kutegemewa hapo. Wanaoingia ni wenye mitungi ya hewa mgongoni. Chini ya kiwango hicho, barakoa ya uso mzima yenye katriji ya mchanganyiko wa mvuke wa oganiki na gesi za asidi inafaa. Barakoa za hospitali hazizuii chochote. Glavu zile nyembamba za buluu hupenywa ndani ya dakika chache. Nunueni za mpira wa byutili au niopreni, ndefu hadi karibu na kiwiko. Suruali iwe nje ya gambuti. Ikichomekwa ndani, kinachotiririka kwenye apuroni huishia kwenye soksi.

Aliyemwagikiwa hasubiri chochote kati ya hayo. Nguo zivuliwe zote zilizolowa, saa na pete pia, na maji yatiririke mwilini dakika 15 hadi 20 bila kukatiza. Macho yafunguliwe kwa vidole na yaoshwe kwa muda huohuo, na baada yake aende hospitali hata akisema amepona. Asidi ya asetiki ina hila: maumivu na malengelenge yanaweza kuchelewa, na aliyevuta mvuke mwingi mapafu yake yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, akiwa tayari nyumbani. Msipake magadi, maziwa, mayai wala dawa ya meno. Aliyemeza asukutue mdomo, asitapishwe. Mpeleke na karatasi ya usalama ya bidhaa; Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Sasa fikiria maji hayo. Bafu la dharura linalokubalika hutoa lita 76 kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 ni zaidi ya lita 1,100. Industrial Area maji ya bomba hukatika, na bafu lililounganishwa na bomba la jiji litakuangusha siku ya mgao. Inueni tangi la lita 2,000 juu ya mnara, liwe la bafu na kunawia macho pekee, lisichotwe hata lita moja ya kuosha magari. Na bafu liangalieni kila wiki kama maji yanatoka.

Moto ukiwaka, mwale wake ni wa buluu hafifu na mchana hauonekani vizuri. Utaona hewa inatetemeka kabla ya kuona moto. Mtungi wa poda kavu au wa kaboni dayoksaidi unafaa kwa moto mdogo. Povu la kawaida huyeyuka juu ya kimiminika kinachochanganyika na maji, kwa hiyo mwambieni mzimamoto kwenye simu kwamba linahitajika povu linalostahimili alkoholi. Maji ya mnyunyizo ni ya kupoza dramu za jirani, na yasiingie ndani ya dramu.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo karatasi za usalama hulitaja kwa mstari mmoja. Asidi hii huganda ikishuka chini ya nyuzijoto 16.6, na Julai usiku wa Nairobi ni baridi kuliko hapo. Asubuhi mnakuta dramu imekuwa jiwe. Msiiwekee jiko, wala kichomeo cha gesi, wala hita ya waya tupu. Ihamishieni chumba cha nyuzi 20 hadi 25, legezeni kizibo, msubiri siku moja au mbili. Au tumieni maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 nje ya dramu. Na ikimwagika asubuhi ya baridi hiyo, huganda sakafuni kama vipande vya barafu angavu. Mtu huinama kuviokota kwa mkono. Vizoeni kwa beleshi la plastiki upesi, kabla jua halijafika sakafuni.

Asidi ya fomiki huhitaji hatua zilezile, ila huvunjika polepole ikiwa chomboni na kutoa gesi, kwa hiyo mitungi yake iwe na vizibo vyenye tundu la kupumulia na isiwekwe mahali pa joto. Ikikutana na asidi ya salfuriki hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Asidi ya nitriki isikae chumba kimoja na asetiki, wala klorini ya unga. Kama siku moja mtaleta kemikali za jamii ya amini, mfano trietilamini, fahamuni kuwa ni kinyume chake: ni besi, mvuke wake huwaka hata chini ya nyuzi sifuri, na magadi hayana kazi kwake. Stoo yake iwe ya peke yake.

Vifaa vyote vikae nje ya mlango wa stoo, kwenye pipa la manjano lisilofungwa kwa kufuli. Kwa akiba yenu tungeweka kilo 400 za mchanga mkavu katika mifuko ya kilo 20 inayobebeka, kilo 50 za diatomaiti, kilo 25 za magadi, mkeka wa mpira wa mtaro, pampu ya mkono, mabeleshi mawili ya plastiki, karatasi za pH, dramu mbili tupu, kabari na nyundo ya mpira, na vifaa vya mwili vya watu wawili. Chini ya dramu zenyewe jengeni beseni la saruji lililopakwa epoksi, maana saruji tupu huliwa na asidi hii, lenye ujazo usiopungua lita 220, ili dramu nzima ikimwagika ibaki humo. Ncha za uma wa foklifti zivishwe mipira, au dramu zihamishwe kwa kibanio cha dramu badala ya uma. Na kwa kuwa lita 60 zile ziliwaathiri watu na kuingia mtaroni, mwambie mwajiri wako aandike ripoti kwa ofisi ya DOSHS (idara ya usalama na afya kazini) ya eneo lenu, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inavyomtaka kuripoti matukio ya hatari, na nyingine kwa NEMA. Aliyebaki na kikohozi au macho mekundu tangu wiki ile aonwe na daktari wiki hii.